Kabla ya Mguu wa Bandia: Ushauri kwa Wanaomuuguza Majeruhi wa Vita

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya mji wa Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi wengi kuliko vitanda vyake. Madaktari wa upasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na wenzao Wakongomani walitoa risasi, wakasafisha vidonda vya vipande vya mabomu, na pale ambapo mguu haukuwa na namna ya kuokolewa waliukata ili mwenyewe aishi. Habari za siku zile zilienea dunia nzima. Yanayofuata baada ya hapo hayatangazwi. Majeruhi huruhusiwa, hurudi kwa ndugu zake, mara nyingi kwenye chumba cha kupanga au hema la waliokimbia vita, na kuanzia siku hiyo anayemuuguza ni mama, mke, kaka au binti ambaye hajafundishwa kazi hiyo na mtu yeyote.

Makala hii nimemwandikia huyo. Wataalamu huziita huduma zinazofuata baada ya upasuaji huduma za utengamao: mazoezi ya viungo, viungo bandia, magongo, viti vya magurudumu, pamoja na msaada wa akili na wa kurudi kazini. Familia nyingi hungoja mguu wa bandia wakidhani kwamba ukifika tu, mgonjwa atasimama. Sivyo. Mguu unaweza kutengenezwa vizuri kabisa ukashindwa kumfaa mwenyewe, kwa sababu goti lake lilikauka likiwa limekunjwa miezi mitatu iliyopita, akiwa amelala kitandani na watu wote wakidhani wanamhudumia vema.

Tuanze na siku ya kutoka hospitali. Msikubali kuondoka bila karatasi inayoeleza aliumia wapi, alifanyiwa nini na lini, na kama kuna chuma kilichobaki mwilini. Piga picha karatasi hiyo kwa simu, kisha mtumie ndugu aliye mji mwingine, maana anayekimbia vita mara ya pili hukimbia bila mafaili. Picha za eksirei zihifadhiwe mahali pakavu. Ulizeni pia: kidonda kisafishwe kwa nini na mara ngapi? Ni kiungo gani kisiguswe, na kipi kifanyiwe mazoezi tangu leo? Turudi tarehe ngapi, kwa nani? Muuguzi akijibu haraka kwa sababu wagonjwa ni wengi, mwombeni aonyeshe kwa mikono, na yule atakayelala na mgonjwa nyumbani ndiye aangalie.

Sasa kigutu, yaani sehemu ya mguu au mkono iliyobaki baada ya kukatwa. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo huruma inapodhuru. Mgonjwa akilalamika maumivu, ndugu huweka mto chini ya paja au chini ya goti, naye husikia nafuu. Siku zinapita, mto haujaondolewa, na misuli inayokunja nyonga na goti inazidi kufupika. Baada ya wiki chache mguu haunyooki tena, na mguu wa bandia unahitaji kiungo kinachonyooka. Kwa hiyo mto utolewe. Aliyekatwa chini ya goti alale goti likiwa limenyooka, na akikaa kwenye kiti awekewe ubao au kigoda cha kuegemeza kigutu kisining'inie. Aliyekatwa juu ya goti alale kifudifudi dakika 20 hivi, mara mbili au tatu kwa siku, ili nyonga ivutike. Kama kidonda cha tumbo au kifua kinamzuia kulala hivyo, mtaalamu wa mazoezi ataonyesha njia nyingine. Na asikae kutwa nzima kwenye kiti au mkeka, hata kama wageni wanaokuja kumpa pole hawaishi.

Kigutu huvimba baada ya upasuaji, na kikibaki kimevimba hakitaingia kwenye kikombe cha mguu wa bandia. Ndiyo sababu hufungwa bandeji ya kuvutika. Namna ya kuifunga ni muhimu kuliko bandeji yenyewe. Anza nchani, pitisha bandeji kwa mshazari kwenda juu, kisha irudishe kwa mshazari upande mwingine, ikipishana kama tarakimu ya 8. Ikaze zaidi nchani na uilegeze kadiri unavyopanda. Usiizungushe duara moja juu ya jingine. Hapo utakata mzunguko wa damu, na ncha itavimba kama puto. Ifungue na kuifunga upya kila baada ya saa chache, ukiangalia ngozi kila mara. Mgonjwa akisema inamchoma au inamtia ganzi, usimwambie avumilie. Fungua.

Mshono ukishapona, kigutu kioshwe kila jioni kwa maji na sabuni ya kawaida, kikaushwe vizuri, hasa kwenye mikunjo. Kisipakwe spiriti, majani wala dawa ya meno. Mwenyewe akizoee kwa kukigusa: akisugue taratibu kwa kitambaa laini, baadaye kwa taulo, akikandekande kovu kwa vidole lisigandamane na mfupa. Wengine hukaa miezi bila kukitazama. Usimlazimishe, lakini usimfanyie kila kitu wewe; siku atakayokiosha kwa mikono yake mwenyewe amepiga hatua kubwa.

Kuna maumivu ambayo huishangaza familia. Mtu analalamika vidole vinamuuma, na vidole havipo. Wapo watakaotafuta sababu katika namna mguu ulivyozikwa, wengine watasema amechanganyikiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo. Mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapeleka taarifa, na ubongo bado una ramani ya mguu mzima. Maumivu haya ni ya kweli, na yana matibabu. Bandeji iliyofungwa vizuri na kukandwa kigutu huwasaidia wengi. Kioo pia: kisimamishwe katikati ya miguu ili mgonjwa aone taswira ya mguu mzima pale ulipokuwa ule mwingine, kisha achezeshe mguu mzima polepole huku akitazama. Mbinu hii ilianzishwa na mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran huko California katika miaka ya 1990, na uzuri wake ni kwamba kioo cha ukutani kinatosha. Maumivu yakizidi, daktari anazo dawa za mishipa ya fahamu, ambazo si zile za kutuliza maumivu zinazouzwa dukani.

Wakati huohuo afundishwe magongo. Gongo la kwapani lisiguse kwapa. Pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana mishipa, na nimeona watu wakipata ganzi ya mikono kwa sababu hiyo, yaani ulemavu wa pili uliotokana na gongo refu mno. Kulikata ni kazi ya dakika tano kwa seremala yeyote.

Mguu wenyewe hupatikana wapi? Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, ambacho kwa miaka mingi kimewahudumia waliokatwa viungo kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Bukavu kuna Heri Kwetu. Walio Rwanda wanaijua Gatagara, iliyoanzishwa mwaka 1960. Aliye kambini, iwe Nyarugusu mkoani Kigoma au Nakivale nchini Uganda, aanzie hospitali ya kambi, aombe rufaa kwa maandishi, na aeleze wazi kwamba anahitaji kiungo bandia au mazoezi, si dawa tu. Ulizeni gharama kabla hamjauza shamba au mbuzi: katika vituo vinavyosaidiwa na Msalaba Mwekundu, majeruhi wa vita wamekuwa wakipewa viungo bila malipo, na yapo mashirika yanayolipia hata nauli na malazi. Na kwa kuwa njia na usalama hubadilika, pigeni simu au mtume mtu kwanza, ndipo mgonjwa asafirishwe.

Ukanda wetu si mgeni katika kazi hii. Kuanzia mwaka 1987 hadi 2006 Msalaba Mwekundu uliendesha hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ambako majeruhi wa vita vya Sudan Kusini walipasuliwa na kutengenezewa viungo. Moshi, karibu na hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT, ambacho tangu 1981 kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Huenda fundi atakayempima ndugu yako alisomea hapo, chini ya Kilimanjaro. Mafundi hawa ni wachache mno, na serikali zetu zingefanya jambo la maana kusomesha wengi zaidi badala ya kuwaachia wafadhili ajira zao.

Kituoni fundi atakishika kigutu, atapima, kisha atakifunga plasta iliyolowa ili apate umbo lake. Kutokana na umbo hilo hutengenezwa kikombe cha plastiki ngumu, aina ya polipropilini, kinachounganishwa na bomba na wayo wa mpira. Kisha kuna chumba chenye vyuma viwili vya kushikilia, vilivyolazwa sambamba kimo cha kiuno, na kioo kikubwa mbele yake. Hapo utamwona mkulima na askari, pengine wa pande zilizokuwa zikipigana, wakiingia mmoja baada ya mwingine kwenye vyuma vilevile. Mwenye kusimama mara ya kwanza hutazama chini. Mtaalamu humwambia, "Papa, tazama kioo. Mguu upo, hautakimbia." Anahamisha uzito upande wa bandia, anaogopa, anaurudisha. Saa nzima inaweza kupita kwa hatua chache tu. Ndugu aliyemsindikiza asimharakishe, wala asimshike mkono bila kuambiwa.

Baada ya kupewa mguu, asiuvae kutwa siku ya kwanza. Aanze na nusu saa, auvue, aitazame ngozi. Wekundu unaopotea ndani ya dakika kumi hivi si tatizo. Usiopotea, au malengelenge, maana yake kikombe kinabana mahali, na arudi kituoni. Kigutu huendelea kupungua kwa miezi mingi, kwa hiyo mguu uliokaa vizuri mwezi wa kwanza utalegea. Dawa yake mwanzoni ni kuongeza soksi ya kigutu, ya pili, ya tatu, na soksi zifuliwe kila siku. Zikifika nyingi, kikombe kibadilishwe. Msiukate mguu kwa kisu wala kuupasha moto ili uingie. Jambo jingine ambalo watu hawalijui: mguu husetiwa kulingana na kimo cha kisigino cha kiatu. Aende kupimwa na kiatu atakachovaa kila siku, na akibadilisha kiatu achague chenye kisigino cha kimo kilekile. Vinginevyo atainama mbele au kuanguka nyuma. Na kwa mawe ya volkano ya Goma, wayo wa mpira unaotembezwa bila kiatu huisha upesi sana.

Kuna wengi waliojeruhiwa vitani ambao hawakukatwa kiungo. Risasi ikivunja mfupa, mara nyingi daktari huufunga kwa vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi. Sehemu chuma kinapoingia zisafishwe kama mlivyoonyeshwa, na viungo vya juu na chini ya mvunjiko vichezeshwe kila siku, kwa sababu mfupa huunga huku goti au kifundo kikiganda. Mganga wa kuunga mifupa asiguse mguu huo. Nasema hivi nikiwaheshimu wazee wetu wenye ujuzi wa mifupa iliyovunjika kwa kuanguka. Jeraha la risasi lina uchafu ndani, na vijiti vilivyokazwa juu ya uvimbe vimesababisha miguu mingi iliyokuwa ipone kuoza na kukatwa. Mkono uliopigwa risasi ukawa unaning'inia kwenye kifundo cha mkono unahitaji kigango cha kuunyoosha na mazoezi ya vidole, wakati mshipa wa fahamu unaota polepole; kazi hiyo huchukua miezi, na kukata tamaa katika wiki ya sita ni mapema mno. Aliyeungua naye ngozi yake hujikunja inapopona, kwa hiyo shingo, kwapa na kiwiko vikae vimenyooshwa hata akilalamika.

Aliyepigwa uti wa mgongo anahitaji uangalizi kuliko wote. Asiyesikia chini ya kiuno hasikii pia ngozi yake inapokufa. Vidonda vya mgandamizo huanza kama alama nyekundu kwenye makalio, mgongoni chini, visigino na ubavuni mwa nyonga. Ndani ya siku chache huwa shimo linaloonyesha mfupa, na ndivyo vinavyoua, vikiingiliwa na vijidudu. Akiwa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Wekeni zamu ya ndugu, msimwachie mtu mmoja, atavunjika. Akiwa kwenye kiti ajiinue kwa mikono au ainame mbele kila nusu saa au chini ya hapo, na akalie mto maalumu wa kiti, si matambara. Kila jioni mtu aitazame ngozi yake yote kwa mwanga wa kutosha. Chupa ya maji ya moto na jiko la makaa visikae karibu na miguu yake, ataungua bila kujua.

Mkojo una hatari yake. Kama ana mpira wa mkojo wa kudumu, mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu, usivutwe, na ubadilishwe kwa tarehe iliyoandikwa. Wengi wanaweza kufundishwa kujitoa mkojo wenyewe kwa mpira safi mara kadhaa kwa siku, njia iliyo salama zaidi kwa figo, na inayomrudishia mtu heshima yake. Homa, mkojo wenye harufu kali au damu, pelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu moyo wa mgonjwa nitasema wazi. Mtu aliyeona mabomu yakiangukia kambi, kama ilivyotokea Mugunga na Lac Vert Mei 2024, anaweza kupona mguu akabaki hapati usingizi, akishtuka kwa kila mlango unaogongwa, au akinyamaza wiki nzima. Anayekataa mazoezi mara nyingi si mvivu. Akisema afadhali angekufa, msimkemee kwamba anamkosea Mungu. Kaeni naye, msimwache peke yake, na mtafuteni mshauri wa kisaikolojia kituoni au hospitalini. Kinachowasaidia wengi kuliko maneno yetu ni kukutana na mwenzao aliyekatwa mguu miaka iliyopita na sasa anatembea. Ombeni kukutanishwa naye. Wanawake waliobakwa vitani ni majeruhi pia, na wana haki ya tiba bila kuulizwa walikuwa wapi. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inawatibu mwili, inawapa ushauri, na inawasaidia katika sheria na kujitegemea. Wataalamu wanashauri kufika ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi katika muda huo. Aliyechelewa aende hata hivyo.

Kazi irudi mapema, kwa kiasi chake. Mtu anayeketi anaweza kuchambua maharage, kuuza vocha, kushona, kutengeneza simu au viatu. Mpakani kati ya Goma na Gisenyi, watu wenye ulemavu kwa miaka mingi wamesafirisha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, wakalisha familia kwa kazi hiyo. Jirani mwenye duka, kama unataka kumsaidia majeruhi, mpe kazi na umlipe sawa na mwingine. Mchango wa msibani huisha.

Mjue pia haki zenu. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inaagiza majeruhi wote wahudumiwe bila ubaguzi, raia na hata mpiganaji aliyeanguka. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na tangu Mei 2022 nchi hiyo ina sheria yake mahususi kuhusu haki zao. Sheria hizo haziwezi kutengeneza mguu, lakini zinampa baba au mama nguvu ya kumwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto mwenye magongo hafukuzwi shuleni, na chifu kwamba jina la mlemavu lisirukwe kwenye orodha ya msaada.

Nimalizie na watoto, kwa sababu kwao hesabu ni ndefu. Mfupa wa mtoto aliyekatwa mguu unaendelea kukua, na mara nyingine hutoboa ngozi ya kigutu, ukahitaji upasuaji mwingine. Mguu wake wa bandia hudumu mwaka mmoja hivi, pengine chini ya hapo, na wa mtu mzima miaka mitatu hadi mitano. Mtoto wa miaka minane aliyejeruhiwa Goma, akijaliwa kufika sitini, atahitaji miguu ishirini hivi. Wa kwanza hupewa na wageni wakati vita viko kwenye habari; ile mingine itategemea kama kituo bado kina fundi na plastiki, na kama kuna mtu mzima anayekumbuka kumrudisha. Kabla hamjatoka kituoni na mguu mpya, ulizeni tarehe ya kurudi, muiandike kwenye daftari la mtoto, na itakapofika mpelekeni hata kama halalamiki.